Saksofoni Haifuatwi kwa Kutuma Mtu

Shemeji yangu Melki,

Salamu nyingi kutoka Buyenzi, za wakubwa na za wadogo. Unaendeleaje huko Uvira? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kila mvua ikikaribia, unakuachia usingizi? Mke wako hajambo? Watoto wanasoma? Sisi huku tunalala na tunaamka, Alhamdulillah. Mvua imeanza, milio ya bunduki milimani imepungua, na Zuena, yule uliyekuwa ukimbeba begani, sasa ananipita kimo. Mwili wangu ni mzima. Moyo wangu sio mzima, na wewe ndiye uliyeuchokoza. Salamu nimemaliza, sasa tusemezane.

Barua hii siibandiki, naiacha wazi. Atakayekuletea ni Mama Furaha, muuza mawese, huyohuyo anayevuka mpaka wa Gatumba kila wiki, na nimemwambia akitaka kuisoma njiani aisome. Askari wa mpakani wakiifungua, nao waisome. Haya ninayokuandikia nilitaka kuyasema kwa sauti uani, mbele ya watu, lakini wewe hukuja uani. Ulituma mfuko.

Ndiyo, mfuko. Mama Furaha alikuja Jumatatu na ule mfuko mkubwa wa mistari, wa wakimbizi, mtupu, ameukunja kwapani. Akakaa kwenye mkeka, akanywa chai, akakohoa kohoa.

"Mama Zuena, mi nimetumwa. Melki anasema umupe saksofoni yake. Amepata bendi kule. Anasema uifunge vizuri na nguo, isigongwe njiani."

"Anasema nini tena?"

"Basi."

"Neno la Saidi wangu hakusema?"

Akaangalia kikombe chake. "Apana, mama. Alisema saksofoni."

Shemeji, hasira zilinipanda mpaka nikashindwa kuinua birika. Saksofoni yake! Tangu lini katika bendi yetu ya Jirani Jazz mtu akasema "yangu"? Na mimi ndiye wa kufundishwa kufunga saksofoni na nguo? Mimi niliyeipitisha kitambaa tumboni miaka hii yote ya vita, nikazipaka springi zake mafuta ya cherehani, nikagombana na panya waliotaka kula ngozi za vifuniko vyake! Kuna mwaka tulikimbia nyumba mara nyingi, na kila tulipokimbia nilibeba mtoto, Msahafu, na hilo sanduku lako. Godoro niliacha.

Zuena alikuwa mlangoni anachambua mchele. Mama Furaha alipotoka kwenda kuuza mawese yake, akaniuliza, "Mama, kwani jazz ni nini? Watu wanataja Jirani Jazz, Jirani Jazz, mi naona sanduku tu chini ya kitanda."

Nikataka kumfokea, lakini kosa si lake. Mtoto aliyekulia vitani anakutajia bunduki kwa mlio wake, hii ni ya nani, ile inatoka upande gani. Mlio wa saksofoni haujui. Hilo nalo linanikasirisha, na sijui nimkasirikie nani.

Nikavuta sanduku, nikalifungua. Nikamwambia wazungu wana jazz yao, hiyo siijui. Jazz yetu sisi ni rumba, ni vijana wa mjini waliovaa suti za kushonwa na fundi mmoja. Nyuma kabisa anakaa baba yako Saidi na batri: ngoma kubwa anaipiga kwa mguu, visahani vya shaba viko juu kama miavuli, na katikati ya magoti iko ngoma ndogo yenye waya chini ya tumbo, wao wanaiita kes, ndiyo inayotoa ule mlio wa mahindi yakikaangwa. Ubavuni kwake Deo na gita la besi, nyuzi nne nene. Hilo hulisikii masikioni, unalisikia kifuani. Mbele Ferdinandi na gita la solo, nyuzi nyembamba, linasema haraka haraka kama muuza nyanya anayeona mvua inakuja. Kuna wa kupiga tumba kwa viganja, na waimbaji wawili wanaobadilishana pumzi. Wimbo unaanza polepole, mapenzi na maonyo. Halafu baba yako anabadilisha mkono, sebene inaingia, ile sehemu ya kucheza tu, waimbaji wanasogea pembeni, na hapo anasimama Melki na hii kitu yenye shingo ya bata. Saksofoni inasema, gita linajibu, saksofoni inakataa, gita linabembeleza, na chini yao besi inasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Watu wanaacha sahani za pilau.

"Na wewe mama ulikuwa unapiga nini?"

"Mi nilikuwa napiga sufuria."

Akacheka. Mimi nikalia, kwa hasira, usidhani ni kwa kukukumbuka.

Wewe umesahau ile sheria ya vyombo ilivyoanza? Ngoja nikukumbushe, na wanaosoma njiani nao wajue. Tulikuwa na mpiga tarumbeta, jina lake nalimeza. Alitoroka na tarumbeta siku ya harusi akaenda kupigia bendi nyingine, akatuacha tumesimama na suti zetu mbele ya bwana harusi. Jumapili yake mkakutana hapa uani. Saidi, fundi magari, mtu wa maneno machache, alikuwa bado ana grisi kwenye vidole. Akasema:

"Kuanzia leo chombo cha mtu hakilali kwake. Kinalala kwa mwenzake. Ukikitaka unakuja mwenyewe, hutumi mtu. Unabisha hodi, unakula kilichopo, ndiyo unakichukua."

Ni wewe uliyeruka. "Saidi! Hiyo ni kama kunikataza kulala na mke wangu!"

"Mke wako hatukumuchangia sisi. Saksofoni tulichanga."

Mkacheka mpaka majirani wakachungulia ukutani. Na ikawa hivyo. Saksofoni yako ikalala kwetu Buyenzi. Kes ya Saidi ikalala kwako Kinama, ngoma kubwa na visahani vikabaki kwetu kwa uzito wake. Besi la Deo wa Nyakabiga likalala kwa Ferdinandi kule Kamenge, na gita la Ferdinandi likalala kwa Deo. Kila Jumamosi ilikuwa ni watu kupishana barabarani wakienda kugongeana milango. Wewe ulikuwa unafika jua likiwa bado kali, unavua viatu, unasema, "Shemeji, nimekuja kumuchukua mgonjwa wangu." Nami nakuwekea maharage na ndagala na ugali, nakwambia, "Kula kwanza, pumzi haitoki kwenye tumbo tupu." Saidi alisema unakula kama ampli inavyokula umeme.

Nyumba zetu zilijuana hivyo. Mama yake Ferdinandi alijua Deo hali vitunguu. Mke wako alijifungua mtoto wa pili mikononi mwangu kwa sababu Jumamosi ile nilikuwa nimemsindikiza Saidi kufuata kes. Wahutu, Watutsi, sisi Waswahili wa Buyenzi, na sheria moja ya kumzuia mwizi wa tarumbeta.

Halafu ikaja hii laana, mji ukakatwa vipande kama nyama ya sadaka. Kinama na Kamenge za Wahutu, Nyakabiga ya Watutsi, kila katiye, kila mtaa, na vijana wake kwenye njia, wanakuangalia pua kabla hawajakuangalia macho. Na tazama vyombo vilivyokwama! Kila kimoja kiko upande ambao mwenyewe hawezi kukanyaga. Nyumba ya kina Ferdinandi ilipochomwa, besi la Deo liliungua ndani, na Ferdinandi akakimbilia kwangu na shati moja. Deo akabaki Nyakabiga amekaa na gita la mtu ambaye vijana wa kwao walikuwa wakimtafuta. Saidi hapa ana ngoma kubwa na visahani, hana kes. Akageuza sufuria yangu ya pilau, akaipiga mpaka ikabonyea. Nikanuna, akasema, "Mama Zuena, vumilia. Melki ataileta." Siku Kinama ilipozingirwa na watu wakaondoka na vichwa vyao tu, alikaa mlangoni anaangalia njia ya kaskazini. "Melki ataileta." Tukasikia umevuka. Akasema, "Mungu ashukuriwe. Basi ataileta mambo yakitulia."

Sikulaumu kukimbia. Nani asiyekimbia? Hilo weka pembeni.

Lakini nikueleze kitu usichokijua. Askari walikuja kusaka bunduki Buyenzi, mchana, nyumba kwa nyumba. Saidi alikuwa gereji. Mmoja akavuta sanduku chini ya kitanda, refu, zito. Akarudi nyuma hatua, akanielekezea mtutu.

"Fungua, we mama. Polepole."

Nikafungua. Wakakodoa macho.

"Hii ni ya nani?"

Shemeji, ningesema ni ya Melki wa Kinama, ningesema kaburi. Nikasema, "Yangu."

"Yako? We na hiyo mitandio yako? Haya, puliza."

Mimi, mtoto wa maalim, niliyekuwa sijaweka hata filimbi mdomoni. Nikasema Bismillah kimoyomoyo, nikaikamata kama nilivyokuona ukiikamata, nikapuliza. Kikatoka kitu kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikapuliza tena, mbuzi wa pili. Yule mkubwa wao akainama akicheka, machozi yakamtoka. "Mama, ushauri wa bure, rudi jikoni." Wakaondoka. Majirani waliniita Mama Mbuzi mwezi mzima, na shehe akataka kujua ni kweli au ni uzushi.

Mimi nilisema "yangu" mbele ya bunduki, Melki. Wewe umesema "yangu" ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa mdomo wa muuza mawese. Unaona kwa nini birika halikuinuka?

Sasa la Saidi. Hili naandika mara moja, sitalirudia.

Ilikuwa siku ya vilmort. Unazikumbuka, zile siku walizotangaza mji uwe mfu, asitembee mtu, duka lisifunguliwe, matairi yanachomwa njia panda. Saidi alitoka kuswali alfajiri, akakaa kwenye mkeka, akasema kifua kinambana. Jua lilipopanda hakuweza kusema tena. Gari hakuna. Deo, sijui alipitia wapi kutoka Nyakabiga, akaingia uani akihema, alikuwa ameitwa na mtoto wa jirani. Tukamlaza Saidi kwenye mkokoteni wa bendi, ule wa kubebea ampli. Deo mbele, Ferdinandi na mimi nyuma. Tulipofika njia panda wakatusimamisha, vijana wadogo, ndevu hazijaota, wana mawe na mapanga.

"Leo vilmort. Hapapiti mtu."

Deo akasema, "Ni mgonjwa, wadogo zangu. Tupisheni."

"Mgonjwa atapona kesho."

Mmoja akamtambua Deo kuwa ni wa kwao, akamtemea mate kwa kusukuma mkokoteni pamoja na Mhutu. Deo akajifuta, akabembeleza tena. Walipokuwa wanabishana, mimi nikaona mkono wa Saidi umetulia. Mkono ule, Melki. Unaujua, hata akilala, vidole vilikuwa vinapigapiga shuka. Vilitulia pale, juani, kwenye mkokoteni wa ampli. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mungu atawauliza wale vijana. Atawauliza zaidi waliowatuma, waliokaa katika nyumba zao nzuri wakitangaza mji ufe. Mimi kila swala nawashtaki, na sijachoka.

Deo alimzika. Aliingia kaburini mwenyewe, Mkristo, akampokea. Kwao walimwita msaliti. Ferdinandi alilala matangani kwetu mpaka mwisho. Na wewe? Mama Furaha aliniapia kwamba habari alikufikishia yeye mwenyewe, wiki ileile, mlangoni kwako. Nikamwuliza alisemaje. "Alinyamaza, mama. Akaingia ndani." Hukutuma hata neno pole. Neno hilo halina uzito, Mama Furaha angelivusha mpakani bila mfuko. Nilingoja arobaini, nikangoja mwaka. Baadaye nikakuhesabu miongoni mwa waliokufa. Kumbe u mzima, una bendi!

Subiri, sijafika penye moto. Jumatatu, Mama Furaha alipoona nimenuna, akataka kunipoza. Akasema, "Usimukasirikie sana. Ile ngoma ndogo ya mume wako anayo bado. Iko juu ya kabati, ameifunika kitambaa cheupe. Watoto wakiigusa wanachapwa. Mwaka ule wa njaa mtu alimufuata na pesa, akamufukuza."

Alidhani nitafurahi. Hapo ndipo nilipokasirika kupita yote. Kama ungeiuza kwa njaa, ningesema sawa, tumbo halina sheria. Kama ungeitupa mtoni Rusizi uokoe mtoto, ningekubariki. Lakini ulivuka nayo, ukaitunza, ukaifunika. Kwa hiyo sheria unaikumbuka! Unajua kwamba chombo cha mwenzako hakiuzwi, hakichezewi, kinamngoja mwenyewe. Unajua, na bado ukatuma mfuko. Saidi alikufa anapiga sufuria, Melki, na ngoma yake imelala kwako imefunikwa vizuri.

Nilikwenda kwa maalim wa mtaa wetu, nikamweleza. Unajua kwetu amana ni jambo kubwa, Mungu ameamrisha irudishwe kwa mwenyewe, na mimi siogopi watu, naogopa Mungu. Akakuna ndevu.

"Mi hilo dude silipendi, Mama Zuena, we mwenyewe unajua. Lakini amana ni amana hata ikiwa ya kupuliza. Nani aliiweka mikononi mwako?"

"Melki mwenyewe, kila akirudi harusini."

"Basi irudi mkononi mwake Melki mwenyewe. Ukimpa mwingine ikapotea mpakani, utamjibu nini Mola wako?"

Nikarudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Jana Deo na Ferdinandi walikuwa hapa uani. Ndiyo, wote wawili, benchi moja. Deo amemrudishia Ferdinandi gita lake, bado lina uzi ule uliofungwa fundo. Na Ferdinandi alikwenda kulichukua Nyakabiga kwa miguu yake, akabisha hodi, akala, wakarudi wote. Nyakabiga, shemeji! Deo ameazima besi kanisani kwao. Ngoma kubwa ipo, nimeitoa vumbi. Nikawaambia ulichosema.

Deo akasema, "Mupe, Mama Zuena. Mutu wa ukimbizini anakula nini? Saksofoni ndiyo jembe lake."

Ferdinandi akasema, "Ikivuka ile, tumekwisha. Tutabaki gita mbili zinasalimiana. Na asiponiona uso kwa uso, atajuaje kama nimemusamehe au sijamusamehe?"

"Umusamehe nini? We alikukosea nini?"

"Alinyamaza."

Deo akavuta besi mapajani. Akapapasa uzi wa besi, dum, dum, bila umeme, kama mtu anayebisha mlango kwa woga. Zuena akatoka ndani kusikiliza. Ndipo nikajua nitakachokuandikia.

Saksofoni siikatai, Wallahi. Ipo chini ya kitanda, kavu, safi, kijiti chake cha mdomoni nimekifunga kwenye karatasi. Lakini haitoki kwa mkono wa Mama Furaha. Njoo mwenyewe. Watu wanavuka, wanarudi, mabasi yanajaa. Kama mwanamke na ndoo zake za mawese anapita Gatumba, wewe una nini? Na kama ni hofu, niandikie kwamba ni hofu, nitakuelewa, mimi hofu naijua harufu yake. Deo na Ferdinandi watakuja kukungoja mpakani. Lakini kama ni aibu, aibu haikai Uvira ikaisha. Itakuja kuishia hapa mlangoni kwangu.

Uje na ile ngoma. Uibebe wewe, usimpe mtu. Ubishe hodi. Uniambie pole ya Saidi kwa mdomo wako, nikiwa nakutazama usoni. Nitakufokea, jitayarishe, yaliyoko humu ni nusu. Halafu utakaa, utakula. Halafu utachukua sanduku, na ukitaka kulipeleka Uvira siku hiyohiyo, lipeleke, sitashika mlango. Deo anasema ukishalifungua tu hutaweza kuondoka bila kupiga kidogo. Hayo ni ya Deo, mimi sijasema.

Mfuko wako unarudi na barua hii ndani. Huo nimeufunga vizuri, kama ulivyoagiza.

Nijibu upesi. Mama Furaha atapita kwako wiki ijayo, mpe karatasi, hata ya mstari mmoja. Niambie tu ni Jumamosi gani, nijue siku ya kuloweka maharage.

Shemeji yako mwenye hasira,
mke wa Saidi,
Mama Zuena